Mume wangu anajua nina brashi za laki 5, kumbe ni za elfu 38 za Kariakoo

Shikamoo Anti. Naomba usiweke jina langu wala mtaa, weka tu kwamba nakaa Dar, nina miaka 27, nina mume na watoto wawili.

Mimi ni mpambaji, mambo ya mekapu. Nilijifunza kwa dada mmoja ana saluni yake, ntamwita Dada tu maana ndo tunavyomwita wote pale. Nilikaa kwake miezi 8 nafagia, naosha brashi zake, nashika taa, mpaka siku akaniachia nimpake poda mpambe wa bibi harusi nikajua sasa nimefika. Dada ana msemo wake, kwamba mpambaji hajulikani kwa simu anayopigia picha, anajulikana kwa brashi. Na zake Anti ukizishika unajua, nzito nzito, laini, ile ya poda peke yake alisema kanunua zaidi ya laki moja. Alituambia wote, siku mtakayoanza kujitegemea msije mkanitia aibu kupaka watu na mabrashi ya mchina.

Basi miezi 5 iliyopita mume wangu, ni fundi AC, akakopa SACCOS kazini kwao akaniwekea shilingi 500,000 mkononi, akasema kanunue hizo brashi kama za Dada wako uanze kazi. Marejesho ni 45,000 kila mwezi.

Nilitoka nyumbani nimenuia kabisa. Nikaenda duka linalouza orijino, Anti, brashi 6 tu ni 480,000. Sita! Na hapo hamna hata ya nyusi. Nikasema ngoja nizunguke kwanza, nikashuka Kariakoo mtaa wa Kongo, kuna kijana kaweka meza yake, seti ya brashi 12 na kimfuko chake, elfu 45, tukavutana mpaka 38,000. Zina jina lile lile la ile kampuni kubwa, kwa herufi za dhahabu. Nikajisemea nazijaribu tu, zikiwa mbovu nimepoteza 38,000, orijino zipo haziendi popote.

Sasa niko kwenye daladala narudi, mdogo wangu akapiga kutoka Korogwe, mama kaanguka bafuni, mguu umevunjika, wako hospitali wanaulizwa hela. Nikatuma 300,000 kwa simu kabla hata sijafika kituo changu. Sikufikiria Anti, vidole vilienda vyenyewe. Zilizobaki nikanunua fandesheni 4 za rangi za watu wetu na poda, 120,000, na ile 42,000 ya mwisho ikaliwa nyumbani, hata sijui iliishaje.

Mume wangu nilimwonyesha kimfuko. Akazitoa moja moja, ile kubwa akajipitishia mkononi, akacheka akasema kweli hizi ni za hela. Nikashindwa kufungua mdomo. Mwaka jana tuligombana sana kuhusu hela ninazotuma kwetu, tukakaa wiki hatuongei, nikaona nikianza kusema mguu wa mama itakuwa yale yale.

Siku ya kwanza kuziosha zile herufi za dhahabu zikatoka na povu, zikabaki herufi 2 tu. Nikazungushia selotepu nyeusi mipini yote 12, wateja wakiuliza nasema ni ili zisiteleze. Ila kiukweli Anti, kazi zinafanya. Nimeshapamba maharusi 11, kila mmoja 80,000, hapo sijataja wa kitchen party na sendoff, na hakuna aliyerudi kulalamika. Ile ndogo ya kublendi aishedo, ile rangi ya kope, ndo naipenda mpaka basi. Shida ni ile kubwa ya poda, inanyonyoka. Kuna kitchen party nimemaliza, mwali anasimama aende ukumbini, mama yake akamsogelea akamtoa unywele mweusi shavuni kwa ukucha, akauangalia kwenye mwanga, halafu akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Marejesho yale mume wangu alilipa mwezi wa kwanza, kuanzia wa pili mimi ndo nampa maana kazi za AC zilipungua, hiyo siyo shida.

Shida ni kwamba Dada kanipigia. Kuna harusi kubwa Jumamosi ya wiki ijayo, wapambe 8, matroni na mama wa pande zote mbili, anataka nikamsaidie, ananipa 200,000. Halafu akasema njoo na brashi zako zile alizokununulia shemeji, nizione. Kumbe mume wangu alimpigia kumshukuru kwa kunifundisha na akamtajia na bei! Dada akishika tu ameshajua. Na mume wangu huko kazini anawaambia wenzake mke wangu ana vifaa vya laki 5.

Nimewaza nikope ninunue orijino hata 3 niziweke juu juu. Nimewaza nimwambie Dada naumwa. Nimewaza kumwambia mume wangu ukweli, usiku nasubiri alale ndo naanza kulia. Najiona mwizi. Halafu saa nyingine nakaa najiuliza, kwani kosa liko wapi kama watu wanapendeza? Nisaidie Anti.

Mwenye selotepu

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3. Ya kwanza nilicheka hapo kwenye selotepu, ya pili sikucheka.

Nikikuelewa vizuri, unaniambia ulipewa hela ya kitu kimoja ukanunua kingine cha bei ndogo, sehemu kubwa ikaenda kumtibu mama, hukusema, na sasa watu wawili unaowaheshimu wanaamini kitu ambacho hakipo na Jumamosi ya wiki ijayo wanaweza kujua. Na katikati ya hayo yote kuna swali lingine umelificha mwishoni, kama brashi za bei rahisi ni kosa au siyo kosa. Hayo mawili umeyafunga pamoja na ile selotepu yako, naomba tuifungue kidogo.

Tuanze na brashi maana ndo rahisi. Mimi siyo mpambaji, wanja wenyewe napaka upande mmoja unaupita mwingine, kwa hiyo nilimpigia rafiki yangu mmoja anapamba maharusi zaidi ya miaka 20. Nikamsomea barua yako bila kusema imetoka kwa nani. Kitu cha kwanza alichouliza, hiyo ya poda ina manyoya ya nini?

Akanieleza hivi. Brashi za bei mbaya za zamani zilikuwa za manyoya ya wanyama, mbuzi, kindi, farasi. Unywele wa mnyama una magamba madogo madogo ambayo huyaoni kwa macho, ndo yanashika poda na kuiachia kidogo kidogo, kwa hiyo poda na blashi, ile rangi ya mashavu, inakaa vizuri sana. Huko Japani kuna mji unaitwa Kumano, mkoa wa Hiroshima, wanatengeneza brashi kwa mkono, walianzia na za kuandikia wakaja za mekapu, na mwaka 2011 timu ya wanawake ya Japani iliposhinda Kombe la Dunia la mpira, serikali iliwapa wachezaji brashi za Kumano kama sehemu ya tuzo ya taifa. Kwa hiyo Dada wako hajakosea kabisa, brashi inaweza kuwa kitu cha heshima na ukalipia mikono ya mtu aliyeipanga nywele moja moja.

Lakini hayo manyoya ya mnyama ukiyatia kwenye fandesheni ya maji yanainywa. Unapaka, nusu inabaki kwenye brashi, na hela ya fandesheni ndo hiyo inaenda. Hapo ndo zikaja za nyuzi laini za plastiki, wanaziita takloni, hazinywi, zinaoshwa zinakauka haraka, na ndo hizo hizo ziko kwenye meza za Kariakoo na ndo hizo hizo ziko kwenye maduka ya kioo. Mwaka 2011 huo huo kuna mpambaji wa Uingereza mwenye jina lake, Samantha Chapman, alitoa brashi zinazoitwa Real Techniques, za nyuzi hizo hizo za plastiki tupu, bei ambayo msichana wa kawaida anaimudu. Na sasa hivi nyingi tu zenye majina makubwa zinatengenezwa China, kwa hiyo hilo neno mabrashi ya mchina, siku Dada akisoma maandishi madogo kwenye boksi zake anaweza kukaa chini. (Na kwa huku kwetu hizi za plastiki zina faida nyingine, akija bibi harusi akakuuliza hizi nywele siyo za nguruwe, unajibu bila kigugumizi.)

Kwa hiyo ukiniuliza kama maharusi 11 walipendeza kwa bahati, sidhani. Walipendeza kwa mkono wako na miezi 8 ya kufagia.

Sasa usifurahi haraka. Rafiki yangu alisema kuna kitu kwenye barua yako hakimpendezi, na siyo bei. Ni jina. Brashi ya elfu 3 yenye jina lake lenyewe au isiyo na jina kabisa, hiyo ni brashi ya elfu 3, haina maneno. Ila iliyoazima jina la kampuni nyingine, aliyeitengeneza ameshakudanganya mara moja, sasa gundi aliyotumia na rangi aliyochovya hayo manyoya utamuuliza nani? Ndo maana anasema kila moja ijaribiwe upya kabla ya kugusa uso wa mtu. Ilowanishe uifute kwenye tishu nyeupe, ikiacha rangi hiyo itupe. Shika kile kichuma cha shingoni ukizungushe, kikicheza gundi imeachia, zitang'oka tu. Igandamize kwenye kope lako mwenyewe la chini, ikichoma wewe itachoma na mteja, na jicho siyo shavu. Brashi mpya kupukutika kidogo kwenye maji ya kwanza na ya pili ni kawaida, ikiendelea baada ya hapo haitapona, na wewe umeiosha miezi 5. Yule mama wa mwali alikusamehe. Mwingine anaweza asikusamehe.

Na unaziosha vipi? Umesema unaziosha, hujasema unazikaushaje. Nakuuliza kwa sababu wengi wanazisimamisha kwenye kikombe mipini chini zikiwa mbichi, maji yanashuka kwenye kile kichuma yanakula gundi, halafu tunalaumu bei. Shampuu ya mtoto, maji ya uvuguvugu, nywele ziangalie chini, kamua na taulo, zilaze pembeni ya meza vichwa vikining'inia nje, siyo juani. Masika hii joto na unyevu wa Dar unaujua, ziache usiku kucha na feni. Na kati ya mteja na mteja tumia spiriti ya 70%, hasa za macho, maana macho mekundu hayaulizi kama brashi ni ya laki au ya buku.

Rafiki yangu akamalizia, mwambie huyo binti kama ana hela kidogo anunue moja tu nzuri, ya poda, maana ndo inayogusa uso wote na ndo inayoonekana ikitolewa kwenye mfuko. Fandesheni sponji inatosha. Ile ya kublendi anayoipenda aiache alivyoipenda.

Basi hapo brashi tumeimaliza, na ndo naona kwamba siyo brashi inayokuliza usiku.

Unajiita mwizi. Mimi sitakubishia kwa sababu sikujui kwa ndani, ila nitakuuliza vitu viwili vitatu. Mume wako alikupa hela ya brashi, au alikupa hela ya kuanza kazi? Maana kazi umeanza. Maharusi 11 kwa 80,000 ni 880,000, na hao wa kitchen party hujawahesabu. Halafu kuna mstari umeuandika kama unapita njia, kwamba kuanzia mwezi wa pili marejesho ya SACCOS unayatoa wewe, ukaongeza hiyo siyo shida. Nimeusoma mara nyingi huo mstari. Miezi 4 kwa 45,000 ni 180,000. Deni alilolichukua kwa ajili yako sasa hivi linalipwa na brashi za elfu 38. Je, yeye analiona hivyo? Wewe mwenyewe ulikuwa unaliona?

Sisemi hiyo inafuta. Yeye akigeuza upande wake, ataona mwanaume aliyekopa, akaringa kazini, akampigia hadi mwalimu wa mke wake kushukuru, na muda wote huo mke ameziba mipini na selotepu. Kinaweza kumuuma hicho kuliko hela. Na ugomvi wa mwaka jana haukuisha, mliunyamazia tu, ndo maana ulipopata simu ya mama ndani ya daladala ulituma kwanza. Labda usingetuma kwa siri kama ungejua ukisema utasikilizwa. Labda pia angesikiliza safari hii, mguu wa mkwe siyo sawa na hela ya sare ya harusi ya binamu, lakini hakupewa nafasi ya kusikiliza. Hilo wewe unalijua zaidi yangu.

Ukiamua kumwambia, kuna namna na namna. Kumwambia usiku wa manane ukiwa unalia, atasikia kilio, hatasikia hesabu. Kuna mtu angechukua daftari akaandika, 38,000 hii, 300,000 hii, 120,000 hii, 42,000 hii, na chini yake zilizoingia na zilizorudishwa SACCOS, akamwekea mbele mchana watoto wakiwa shule. Hatari yake ni kwamba akishaona 300,000 anaweza asisome mistari ya chini, na ugomvi ukakukuta siku chache kabla ya harusi, mkono ukatetemeka. Nawe unajua kwenu hasira yake huwa ya maneno au inazidi maneno. Kama inazidi maneno, usikae naye peke yako, awepo mkubwa mnayemheshimu wote.

Ukiamua kunyamaza na kununua orijino moja moja mpaka mfuko ujae, inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Ila piga hesabu, kwa bei uliyoitaja brashi 6 ni kazi kama 6 nzima za maharusi, na katika muda huo wote yeye anaendelea kuwaambia wenzake na wewe unaendelea kununua selotepu. Hiyo ya kukopa uweke 3 juu juu, mwanangu, utakuwa na deni la kuficha deni, na Dada akiingiza mkono chini ya mfuko?

Kusema unaumwa ndo nyepesi kuliko zote, na 200,000 inaenda kwa mwingine. Pengine hata mara nyingine Dada hatakupigia.

Kuhusu huyo Dada, nimerudia kuangalia ulichoandika. Alisema msinitie aibu, aliwaambia wote, siku fulani, saluni. Hakukwambia wewe kwamba ukija na brashi za bei ndogo nakufukuza. Na ndiye aliyekutafuta, katika wote aliowafundisha. Yeye alianzaje? Umewahi kumuuliza brashi yake ya kwanza aliinunua wapi? Kuna uwezekano ukampigia mapema, siyo kumsubiri azishike mbele ya wapambe 8, ukamwambia Dada, shemeji yako alikutajia bei lakini hali ilikuwa hivi, ninazo za Kariakoo, hizi ndo nilizofanyia kazi zote unazoziona kwenye picha zangu, naomba uzikague uniambie ipi niache nyumbani. Anaweza kukucheka. Anaweza kukwambia nitakuazima zangu. Anaweza pia kumpigia shemeji yake kabla wewe hujaongea naye, na hiyo ndo hatari kubwa ya njia hii, kwa hiyo nani aanze kusikia ni kitu cha kukifikiria kabla hujashika simu.

Umeniuliza kosa liko wapi kama watu wanapendeza. Kwenye nyuso zao silioni. Lipo wapi kwingine, na kubwa kiasi gani, naomba ulipime wewe, maana mimi naangalia karatasi na wewe unalala na huyo mwanaume.

Ila hiyo selotepu kama utapenda kuitoa, zile herufi 2 zilizobaki zifute na dawa ya kutolea rangi ya kucha, zinatoka, mpini unaweza kufifia kidogo lakini utabaki mpini tu. Na hiyo brashi ya poda usiende nayo Jumamosi, kwa hali yoyote ile.

Halafu mwanangu, barua yote ndefu hii, hukuniambia. Mama mguu wake umeunga? Anatembea?